Vishikwambi vitano, namba moja: uchambuzi wa kisa cha kituo cha asali mkoani Tabora

Kisa hiki kinatoka kwenye kituo cha kukusanya asali katika wilaya moja ya mkoa wa Tabora. Majina ya kituo, ya wilaya na ya wahusika wote yameondolewa, na baadhi ya idadi zimebadilishwa kidogo ili mtu asitambulike. Mambo ya kiufundi yameachwa kama yalivyokuwa, kwa kuwa ofisi yoyote yenye vishikwambi vya pamoja inaweza kukutwa nayo, iwe ghala la ushirika, zahanati au shule.

Mazingira ya kazi

Mfugaji nyuki hufika na ndoo za lita 20. Ndoo iliyojaa asali ina kilo 28 hivi, maana lita moja ya asali ina uzito wa karibu kilo 1.4. Ndoo hupandishwa kwenye mizani, tone moja huwekwa kwenye kipima unyevu, na asali yenye maji zaidi ya asilimia 20 hutengwa kwa sababu huchacha upesi. Inayobaki hubandikwa namba, na mfugaji hulipwa kwa simu.

Haya yote huandikwa kwenye programu ya mapokezi iliyomo ndani ya vishikwambi vitano vya Android. Kimoja hukaa kwenye mizani, kimoja kwenye meza ya kupimia unyevu, kimoja kwa mlipaji, na viwili husafiri na gari la kukusanya vijijini. Programu hufanya kazi hata pasipo mtandao: rekodi hukaa ndani ya kifaa hadi mtandao upatikane, ndipo zinatumwa kwenye seva.

Wafanyakazi walikuwa 11: wanne wa kudumu na saba wa msimu wa kurina. Wote walitumia namba moja ya tarakimu nne kufungua vishikwambi vyote vitano, na ndani ya programu wote waliingia kwa akaunti moja iliyoitwa "mapokezi". Namba hiyo haikuwa imebadilishwa kwa misimu miwili, ingawa kila msimu kulikuwa na walioondoka. Mlinzi wa usiku naye alipewa, kwa hoja kwamba ndiye anayevichaji.

Mtu aliyeinamisha kishikwambi cha mizani upande wa mwanga angeisoma namba hiyo bila kuambiwa. Vidole vyenye asali huacha alama, na kioo kilikuwa kimechakaa mahali pa tarakimu nne tu. Ukishazijua tarakimu nne tofauti, mipangilio inayowezekana hushuka kutoka 10,000 hadi 24.

Matukio yalivyofuatana

Jumapili jioni karani wa mizani alikuta bando la kishikwambi chake limeisha tangu Jumamosi mchana. Sababu ilikuwa video zilizotazamwa usiku. Akabadilisha namba ya kufungulia kwenye kishikwambi cha mizani na cha malipo, akikusudia kumweleza msimamizi asubuhi. Usiku huohuo akapata habari ya msiba, akaondoka alfajiri kwenda kijijini kwao, mahali ambapo simu haishiki.

Jumatatu saa 1 asubuhi vishikwambi viwili vikakataa namba ya zamani. Kila aliyepita alijaribu bahati yake. Baada ya majaribio matano Android ilidai kusubiri sekunde 30, na kadiri walivyoendelea kukosea ndivyo muda wa kusubiri ulivyozidi kurefuka. Kufika saa 4 foleni ilikuwa imetoka nje ya geti. Msimamizi akaamua upimaji uendelee kwa daftari. Huu ulikuwa uamuzi mzuri kuliko yote ya siku ile, kwa sababu hakuna mfugaji aliyerudi na ndoo zake nyumbani.

Saa 5 kishikwambi cha mizani kilipelekwa kwa fundi simu mjini. Fundi alifanya alichozoea: akakizima, akashikilia kitufe cha kuwashia pamoja na cha sauti, akafuta kila kitu. Kilipowaka upya kikaomba akaunti ya Google iliyokuwemo kabla ya kufutwa. Ulinzi huu umo kwenye Android tangu toleo la 5.1 la mwaka 2015, na umewekwa ili kifaa kilichoibwa kisiwe na faida kwa mwizi. Akaunti ilikuwa ya mhasibu wa zamani, ambaye ndiye aliyewasha vifaa siku vilipofika. Alipigiwa simu, akatoa neno la siri kwa moyo mweupe, lakini Google ikatuma msimbo wa uthibitisho kwenye laini aliyokwisha kuiacha. Kifaa kikawa hakitumiki kwa zaidi ya wiki.

Ndani yake mlikuwa na rekodi 41 za tangu Jumamosi mchana ambazo hazijatumwa. Hazikupatikana tena. Data za kishikwambi cha kisasa huhifadhiwa kwa njia fiche, na kifaa kikifutwa, ufunguo wa kuzisoma nao huharibiwa. Hakuna fundi awezaye kuzirudisha, na anayeahidi hivyo anachukua pesa ya bure.

Kishikwambi cha malipo hakikuguswa. Jumanne jioni karani alifika mahali penye mtandao, akaona simu alizopigiwa, akaitaja namba mpya. Kikafunguka na rekodi zake zote zikatumwa.

Kwenye foleni ya Jumatatu alikuwepo mzee mmoja aliyekuja kuulizia malipo yake. Alileta ndoo sita Alhamisi na akalipwa tano. Seva ilionyesha kwamba sita iliandikwa Alhamisi, na Ijumaa saa 11 jioni ikabadilishwa kuwa tano. Aliyebadilisha: "mapokezi". Ndoo ya sita ilikutwa stoo ikiwa na namba yake, na mzee akalipwa. Kwa wafanyakazi jambo halikwisha. Wawili waliokuwa zamu Ijumaa walitupiana lawama mbele ya wenzao, na hapakuwa na rekodi ya kumtia yeyote hatiani wala ya kumsafisha.

Maamuzi na sababu zake

Uongozi ulianza kwa kuuliza nani kaharibu. Maendeleo yalipatikana swali lilipobadilishwa: ile namba ilikuwa inafanya kazi gani? Ilikuwa imebebeshwa kazi mbili zisizochangamana, yaani kumzuia mtu wa nje asifungue kifaa, na kuonyesha ni mfanyakazi gani kaandika rekodi. Kazi ya kwanza inaweza kufanywa na namba inayojulikana na zamu nzima. Ya pili haiwezekani kabisa kwa namba ya pamoja.

*Watumiaji tofauti ndani ya Android.* Vishikwambi vya Android vinaruhusu watu kadhaa kuwa kila mmoja na sehemu yake. Njia hii ilijaribiwa siku moja ikaachwa. Kila sehemu hubeba data zake za programu, na vifaa vilikuwa na hifadhi ndogo ya GB 32. Kikwazo kikubwa zaidi ni kwamba rekodi zilizoandikwa na, tuseme, Asha hazitumwi mpaka sehemu ya Asha iwe imefunguliwa. Akimaliza zamu akaenda zake, kazi yake inabaki imelala humo. Kwa kituo kinachotegemea mtandao wa kuvizia, huo ungekuwa msiba mwingine.

*Alama ya kidole.* Ilikataliwa na kazi yenyewe. Kidole chenye asali, nta au gundi ya nyuki hakisomeki, na vidole vya watu wanaochonga mizinga vimesuguka. Isitoshe, kifaa kikizimika na kuwashwa upya, Android haikubali kidole mpaka kwanza namba iingizwe. Kwa umeme wa kukatika na betri zilizochoka, hilo lingetokea kila wiki.

*Ngazi mbili.* Hii ndiyo iliyochaguliwa. Ngazi ya kwanza ni namba ya kufungulia kifaa, tarakimu sita, tofauti kwa kila kishikwambi, inayobadilishwa kila mtu anapoondoka. Ya pili ni namba ya siri ya mtu binafsi ndani ya programu, nayo ya tarakimu sita, ambayo hata msimamizi haijui.

Tarakimu sita zilichaguliwa kwa sababu ya ziada ambayo watu wa kompyuta huisahau. Huku kwetu namba ya tarakimu nne ambayo kila mtu anaikumbuka ni ile ya pesa ya simu. Ukimwambia mfanyakazi achague tarakimu nne, wengi watachukua hiyohiyo, na mwenzake anayesoma alama za asali kwenye kioo atakuwa amepata ufunguo wa pochi yake. Kituo hakina haki ya kumweka mfanyakazi wake kwenye hatari hiyo kwa sababu ya rekodi za ndoo.

Suala la sheria nalo lilizingatiwa. Programu ina majina ya wafugaji, namba zao za simu, namba za NIDA na kiasi walicholipwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Akaunti moja ya watu 11 na mlinzi ni vigumu kuitetea.

Utekelezaji

Kila kifaa kiliandikwa kwenye rejista: namba yake ya mfululizo, namba ya laini, na kituo chake cha kazi. Kisha kila kimoja kiliunganishwa na mtandao hadi kionyeshe rekodi sifuri zinazosubiri, na idadi ya rekodi za siku hiyo ikalinganishwa na ya seva. Baada ya hapo tu ndipo akaunti ya zamani ya Google ilipoondolewa na kifaa kufutwa kupitia menyu ya mipangilio. Mpangilio huu una maana yake. Ukifuta kwa vitufe kabla ya kuondoa akaunti, unarudi kwenye mlango uleule uliomshinda fundi.

Kwenye skrini ya kwanza ya makaribisho, kugusa mahali pamoja mara sita hufungua kamera ya kusoma msimbo wa QR. Msimbo wa mfumo wa kusimamia vifaa kwa mbali ukasomwa hapo. Hatua hii haifanyiki kwenye kifaa kilichokwisha kuanza kutumika, ndiyo maana kufuta kulikuwa hakuepukiki. Mfumo ukafunga skrini ibaki na programu ya mapokezi peke yake. Video za usiku ziliishia hapo bila kikao wala onyo.

Jambo linalowaponyoka wengi ni hili: kuwa na mfumo wa usimamizi si kibali tosha cha kubadili namba ya kufungulia kutoka ofisini. Kuanzia Android 8 ya mwaka 2017, mfumo hutumia tokeni, yaani ufunguo wa kidijitali wa kuuruhusu kubadili namba, inayopaswa kuwashwa mapema. Kama kifaa tayari kina namba, mtu lazima aingize namba hiyo mara moja ili tokeni iwake. Ukisubiri kifaa kijifunge ndipo ukumbuke, umechelewa. Kwa hiyo tokeni iliwashwa kwenye kila kishikwambi, kisha namba ikabadilishwa kwa mbali kwa majaribio, mara moja kifaa kikiwa kimewaka na mara ya pili baada ya kukizima na kukiwasha.

Jaribio la pili lilifichua kasoro. Kimoja cha vishikwambi vya gari kilikuwa na laini yenye namba yake ya siri. Kikizimwa na kuwashwa, laini haishiki mtandao mpaka namba hiyo iingizwe, na bila mtandao amri ya kutoka ofisini haifiki. Kibaya zaidi, ukikosea namba ya laini mara tatu inadai PUK, na ukikosea PUK mara kumi laini inakufa. Ulinzi wa laini ukaondolewa, na laini zote zikawa za data tu, zisizosajiliwa huduma ya pesa, ili ikichomolewa isimpe mwizi kitu kikubwa.

Namba za siri za watu ziliwekwa kwenye meza iliyo pembeni, mmoja mmoja. Programu ilikataa 123456, tarakimu zinazojirudia, tarehe ya kuzaliwa ya mhusika, na tarakimu sita za mwisho za namba yake ya simu. Hiyo ya mwisho ni muhimu, maana kila mfanyakazi ana namba za wenzake wote.

Ndani ya kifaa namba hazihifadhiwi zilivyo. Huhifadhiwa zimechakatwa kwa njia ya makusudi ya polepole, kila moja na chumvi yake, yaani herufi za kubahatisha zinazochanganywa nayo kabla ya kuchakatwa. Hata hivyo tarakimu sita zina mipangilio 1,000,000 tu, na kompyuta iliyolinyakua faili lenyewe ingeimaliza yote. Kwa hiyo ngazi ya kwanza haiwezi kulegezwa eti kwa kuwa ya pili ipo.

Mtu akikosea mara tano anasubiri dakika tano. Pendekezo la kumfungia moja kwa moja lilikataliwa, kwa kuwa lingempa yeyote mwenye chuki uwezo wa kumzuia mwenzake asifanye kazi kwa kukosea makusudi kwenye jina lake. Aliyesahau humwendea msimamizi, naye humpa namba ya muda inayotumika mara moja ndani ya dakika 15, na mfumo huandika nani kaitoa. Akiwa kijijini hupigiwa kwenye namba iliyo kwenye rejista; anayepiga yeye kwa namba ngeni hapewi kitu.

Matokeo ya msimu uliofuata

Vifaa vilijifunga mara mbili. Cha kwanza kilifunguliwa kutoka ofisini kabla foleni haijasogea. Cha pili kilikuwa ndani ya gari, kijiji kisicho na mtandao. Amri ilisubiri mpaka gari lilipofika barabara kuu, na kwa saa hizo waliandika kwenye daftari. Hakuna rekodi iliyopotea.

Ubishi wa uzito ulitokea tena. Mama mmoja alidai kilo zake zimepunguzwa. Rekodi ilionyesha jina la karani, saa, na sababu aliyoiandika: ndoo ilipimwa ikiwa na chujio juu yake, ikarudiwa. Aliyeshika ndoo alikumbuka, mama akaonyeshwa, jambo likaisha mchana uleule. Karani huyo alikuwa mmoja wa wale wawili waliolaumiana msimu uliopita.

Uchambuzi

Kilichobadili kazi hasa ni wafanyakazi kuona kwamba namba ya siri inawalinda wao. Mwanzoni iliwasilishwa kama amri ya usalama, na ikapokelewa kama uchunguzi: bosi anataka kutukamata. Baada ya kisa cha chujio, waliokuwa wakiazimana namba walianza kukataa wenyewe. Maelezo hayo yangeweza kutolewa siku ya kwanza, kwa mfano wa mzee wa ndoo sita uliokuwa bado mbichi. Haikufanyika, na wiki kadhaa zikapotea.

Muda wa kujifunga ulikosewa. Programu iliwekwa kujifunga baada ya dakika mbili bila kuguswa. Kwenye mizani, kati ya ndoo na ndoo, karani ananyanyua, anafuta, anabandika namba. Dakika mbili huisha, na mikono inanata. Matokeo yake msimamizi alikuwa anaingia asubuhi kwa namba yake na kuwaachia wote watumie, jambo lililorudisha akaunti ya "mapokezi" kwa jina jingine. Ilirekebishwa kwa njia tatu. Muda wa mizani ukawa dakika kumi. Programu ikawa inajifunga papo hapo kifaa kinapochomekwa chaji. Na akaunti ya msimamizi ikaondolewa uwezo wa kuandika uzito. Hiyo ya tatu ndiyo iliyomaliza tatizo, kwa sababu haikutegemea ahadi ya mtu.

Namba zilizoandikwa kwa biro ndani ya kava zilikutwa kwenye vishikwambi viwili, na zote zilikuwa za kufungulia kifaa. Hilo lilitokana na uamuzi wa kukipa kila kifaa namba yake, huku makarani wakizunguka kwenye vitatu kwa siku. Vishikwambi vitatu vya kituoni vikapewa namba moja, vya gari vikabaki na zake. Usalama ulipungua kidogo kwenye karatasi na kuongezeka kwenye meza.

Mlinzi hakuwahi kuhitaji namba yoyote. Kishikwambi huchajiwa kikiwa kimefungwa, na asilimia ya betri huonekana kwa kubonyeza kitufe cha kuwashia. Alinyang'anywa kitu alichopewa bure, na uongozi ulipaswa kumweleza kwa heshima badala ya kumwachia agundue usiku.

Kasoro nzito ilijificha kwenye kuondoa watu. Mfanyakazi aliyefutwa kwenye seva Ijumaa aliendelea kukubaliwa na kishikwambi cha gari hadi Jumapili, kwa sababu kifaa kisicho na mtandao hakijui kilichotokea ofisini. Sasa kishikwambi kisichowasiliana na seva kwa saa 72 hukataa kila mtu mpaka kiwasiliane. Saa 24 zingekuwa salama zaidi, ila safari za vijijini huchukua hadi siku mbili. Pengo lililobaki linazibwa kwa utaratibu wa kawaida wa ofisi: anayeondoka halipwi malipo ya mwisho kabla gari aliloshiriki halijarudi na vifaa vyake havijatuma.

Akaunti ya Google sasa ni ya kituo, kwa barua pepe ya kituo. Misimbo kumi ya akiba ambayo Google huitoa, kila mmoja wa tarakimu nane na wa kutumika mara moja, imechapishwa na kuwekwa kwenye bahasha mbili, moja kwenye sefu na nyingine kwa mwenyekiti. Bahasha hizo hufunguliwa kabla ya msimu kuanza. Zilipokaguliwa mara ya mwisho, ile ya mwenyekiti ilikuwa na misimbo ya zamani: mtu alikuwa ametengeneza mipya na kuiweka kwenye sefu pekee, na Google ikishatoa mipya ya awali haifanyi kazi tena. Tangu hapo karatasi zote mbili huandikwa tarehe ileile, na hubadilishwa pamoja.